Baada ya Nash: The Hollies Ni Walewale?

MKUSANYA SANTURI: Nianze na watoto wawili wa Salford, jirani na Manchester. Allan Clarke na Graham Nash walikutana shule ya msingi, wakaanza kuimba pamoja sauti zao zikiwa bado za kitoto, wakapita katika vikundi vya majina kadhaa, hadi Desemba 1962 walipopanda jukwaani Manchester kwa jina la The Hollies. Desemba 1968 Nash akaondoka. Kwangu mimi hesabu inafungwa hapo: miaka 6. Kilichofuata kinaweza kuwa muziki mzuri, sikatai, lakini ni muziki wa watu waliobaki na jina mkononi. Mtu hawi mrithi wa jina kwa sababu tu amechelewa kuondoka.

MPIGA DRAMU: Shikamoo mzee wangu, lakini hapo tunagombana. Ukipima kwa waasisi, utakwama mapema kuliko unavyodhani. Usiku ule wa Desemba 1962 kwenye gitaa alikuwapo Vic Steele na kwenye dramu Don Rathbone. Nani anawakumbuka? Kabla mwaka 1963 haujakwisha, gitaa limeshikwa na Tony Hicks na dramu zimeshikwa na Bobby Elliott, vijana wawili waliowahi kupiga pamoja katika bendi ya The Dolphins huko Lancashire. Karibu vibao vyote vinavyokufanya ukusanye santuri za The Hollies vina mikono ya watu hawa wawili. Na wao hawakuondoka. Miaka 60 baadaye jina lilikuwa bado liko kwao, na bendi haijawahi kutangaza kuvunjika hata siku moja. Aliyebaki kazini ndiye mwenye kazi.

MTUNZI WA NYIMBO: Nyote wawili mnahesabu watu. Mimi naomba tuhesabu nyimbo kwanza, na tuulize zilitoka kwa nani. Santuri yao ya kwanza, Mei 1963, ilikuwa kopi ya wimbo wa The Coasters wa Marekani. Ya pili, “Searchin’”, nayo ni ya The Coasters. “Stay” ni ya Maurice Williams. “Just One Look”, iliyofika namba 2 Uingereza mwaka 1964, ni ya Doris Troy. Walisubiri hadi “We’re Through”, mwaka huohuo, ndipo wakatoa wimbo wao wenyewe upande wa kwanza wa santuri, tena wakajificha nyuma ya jina la kubuni, L. Ransford, lililotokana na babu yake Nash. Wimbo wao wa kwanza kushika namba 1, “I’m Alive” wa 1965, uliandikwa na Mmarekani, Clint Ballard. Sasa niambieni, tunagombania mali ya nani?

MKUSANYA SANTURI: Binti yangu, umenisaidia bila kukusudia. Kama nyimbo zilikuwa za wengine, basi kilichokuwa chao ni nini? Ni sauti tatu. Weka “I Can’t Let Go” ya 1966 kwenye sahani, usikilize kiitikio. Clarke anaubeba wimbo katikati, sauti kavu yenye makali. Hicks anakaa chini yake. Halafu inakuja ile ya Nash juu kabisa, nyembamba, iliyonyooka, inapanda mahali ambapo waimbaji wengine wangeachia chombo kipande. Inapofika kilele hujui tena kama unasikia mtu au ala. Hawa watu walijifunza kwa kuwasikiliza The Everly Brothers, na mwaka 1966 hao hao Everly Brothers walikuja London kurekodi albamu ya “Two Yanks in England”, ambayo nyimbo 8 kati ya 12 ni za huyo L. Ransford unayesema amejificha. Mwalimu alikuja kuchukua nyimbo kwa wanafunzi. Ukiitoa sauti ya juu kwenye mpangilio ule, umeitoa The Hollies.

MPIGA DRAMU: Ukiitoa, ikarudishwa je? Nash ameondoka Desemba 1968. Nafasi yake ikachukuliwa na Terry Sylvester wa Liverpool, aliyekuwa amepitia The Escorts na The Swinging Blue Jeans. Mapema 1969 wakatoa “Sorry Suzanne”, ikapanda hadi namba 3. Mwaka huohuo wakatoa “He Ain’t Heavy, He’s My Brother”, nayo namba 3 Uingereza, kisha namba 7 Marekani. Sauti ya tatu ipo palepale. Mimi ni mtu wa bendi, nakwambia: sehemu ya sauti ni kazi, na kazi inafundishika. Kinachovunja bendi ni kuondoka kwa nia, siyo kuondoka kwa mtu.

MKUSANYA SANTURI: Na nia iliondoka! Hilo ndilo ninalolililia. Mwaka 1967 vijana hawa walianza kutanuka. Albamu mbili kwa mwaka mmoja, “Evolution” na “Butterfly”, nyimbo wameandika wenyewe. Septemba wakatoa “King Midas in Reverse”, wazo la Nash, wimbo wa mtu ambaye kila anachogusa kinaharibika, umevishwa okestra nzima. Ukaishia namba 18. Kwa bendi iliyozoea kumi bora, hilo likawa kosa la jinai. Kilichofuata mwaka 1968 ni “Jennifer Eccles”, wimbo wa kuchumbiana shuleni, wenye miluzi, na ukarudi kumi bora. Nash akawaletea “Marrakesh Express”, wakaanza kuirekodi, wakaiacha. Halafu wakaamua kutengeneza albamu nzima ya nyimbo za Bob Dylan. Mtunzi ana nyimbo zake mkononi, bendi inamwambia tuimbe za mwingine. Alikwenda Marekani, na mwaka 1969 albamu ya kwanza ya Crosby, Stills & Nash ikatoka na “Marrakesh Express” ndani yake, ikawa kibao. Nani alikosea?

MTUNZI WA NYIMBO: Mzee, kwa heshima, hapo umempaka Nash mafuta mengi. Hiyo “Jennifer Eccles” unayoibeza aliiandika yeye mwenyewe pamoja na Clarke. Jina la wimbo limetoka kwa wake zao: Jennifer ni mke wa Clarke, Eccles ni jina la ukoo wa mke wa Nash wakati ule. Huwezi kumtenga na wimbo ulioitwa kwa jina la nyumbani kwake. Na “King Midas” haikuzuiliwa. Prodyuza wao, Ron Richards, hakuwa na imani nayo, lakini okestra ililetwa, saini za watunzi watatu zikawekwa, ikatolewa kama santuri kubwa ya msimu. Bendi ilimpa nafasi mwenzao, wasikilizaji ndio walioikataa. Uchungu wake nauelewa kuliko nyote, kwa sababu mimi pia huandika. Ila tuwe wakweli: kukataliwa na soko si sawa na kusalitiwa na rafiki.

MKUSANYA SANTURI: Jaribio moja? Wenzao wa kizazi kile walishindwa mara moja wakajaribu mara tatu. The Kinks walikuwa na santuri zisizouza na wakaendelea kuandika wanachokiamini. The Hollies walishindwa mara moja wakakimbilia miluzi.

MPIGA DRAMU: Wewe unazungumza kama msikilizaji mwenye santuri zote rafuni. Zungumza kama mtu anayepanda basi la bendi kila wiki. Umati uliokata tiketi unataka “Bus Stop”, unataka “Carrie Anne”, na unataka zipigwe kama zilivyo. Kuna wanamuziki wanaoona huo ni utumwa. Kuna wengine wanaona ni deni, na deni hulipwa. Hicks na Elliott ni wa aina ya pili. Mimi siwaoni wadogo kwa hilo. Na nikuulize jambo ambalo hukuligusa: Eric Haydock, mpiga besi, alikuwapo tangu usiku wa kwanza. Aliondolewa mwaka 1966, akaja Bernie Calvert. “On a Carousel” na “Carrie Anne” za 1967 zina besi ya Calvert. Mbona hukufunga hesabu mwaka 1966? Mwasisi mmoja akiondoka bendi inaishi, mwingine akiondoka bendi imekufa. Kipimo gani hicho?

MKUSANYA SANTURI: Kipimo cha sikio. Besi ya Haydock ilikuwa tamu, lakini msikilizaji wa kawaida hakuisikia ikibadilika. “On a Carousel” inafunguliwa na sauti ya nani? Ya Nash.

MPIGA DRAMU: Basi msikilizaji wa kawaida ndiye hakimu sasa? Huyohuyo aliyeikataa “King Midas”? Huwezi kumtupa leo kwa kuwa hana sikio, kesho umwite shahidi.

MTUNZI WA NYIMBO: Hapo amekubana, mzee. Lakini nawe, kaka, usijipongeze bado. Umesema sauti ya tatu ilirudi palepale. Nota zilirudi. Chukua ile albamu ya Dylan ya 1969. Ilifika namba 3 Uingereza, kwa hiyo kibiashara hakuna wa kuwalaumu. Lakini isikilize. Nyimbo za Dylan zina mikwaruzo kwa makusudi. Mwimbaji anagoma kuzipendezesha ili maneno yaume. Hapa zimepigwa pasi, zimepangwa sauti tatu safi, vyombo vinang’aa, na maneno hayaumi tena. Bendi iliyojua kupamba ilipamba hata kisichotaka pambo. Nash aliona hatari hiyo kabla haijaingia studio. Hakuwa mtu wa majivuno pale. Alikuwa msikilizaji mzuri.

MPIGA DRAMU: Nakubali kuhusu Dylan. Lakini miezi michache baadaye bendi hiyohiyo, katika studio za Abbey Road, ilirekodi “He Ain’t Heavy”. Nisikilizeni mimi niwaelekeze nilivyoisikia kama mpiga dramu. Harmonika ya Clarke inasikika mwanzoni. Piano inaingia taratibu. Anayeipiga ni kijana wa kukodiwa ambaye baadaye dunia ilimjua kama Elton John. Clarke anaimba karibu peke yake ubeti mzima. Elliott ana dramu zote mbele yake na hazikimbilii. Anangoja. Akiingia anapiga kidogo, kila pigo likiwa na nafasi ya kupumua, mpaka nyuzi za violini zimejaa ndipo anaufungulia mlango wimbo wote. Mpiga dramu anayejua kungoja hivyo ni adimu. Huko si kupiga pasi, dada yangu. Ni bendi iliyopata kimo chake baada ya Nash kuondoka.

MTUNZI WA NYIMBO: Nakubali kila neno, halafu nakukumbusha kwamba wimbo ni wa Bobby Scott na Bob Russell. Wamarekani. Mwaka 1988, miaka 19 baada ya kurekodiwa, ulitumika kwenye tangazo la bia, ukarudi sokoni na kushika namba 1 Uingereza. Namba 1 mbili tu katika maisha yao yote, na zote mbili zimetoka kwenye kalamu za watu wa nje. Russell alikuwa amefariki tangu 1970. Walionunua mwaka 1988 hawakuuliza bendi ina nani wakati huo, wala nani aliandika. Walikuja kwa ajili ya wimbo. Mkiniuliza mimi, kilichodumu ni hicho.

MKUSANYA SANTURI: Kwa hesabu hiyo hata bendi si kitu, ni bomba tu la kupitishia maji ya mwingine. Wimbo ule ulikuwa umesharekodiwa na mtu mwingine kabla yao, na wengi wameurekodi baada yao. Mbona tangazo halikuchukua za wale? Kwa sababu ya Clarke. Sauti ile ya mtoto wa Salford. Ndiyo maana nasema tena, watu.

MPIGA DRAMU: Sasa umehama kutoka kwa Nash ukaenda kwa Clarke. Vema, tumfuate Clarke. Mwaka 1971 naye aliondoka. Wakamleta Mikael Rickfors kutoka Sweden, sauti nzito tofauti kabisa. Mwaka 1972, Clarke akiwa nje ya bendi, kampuni Marekani ikautoa wimbo kutoka albamu ya “Distant Light”: “Long Cool Woman in a Black Dress”. Ukafika namba 2, nafasi ya juu kuliko zote walizowahi kupata Marekani. Kwenye wimbo huo Clarke anaimba na kupiga gitaa, na zile sauti tatu unazoziabudu hazimo.

MKUSANYA SANTURI: Na huo ndio ushahidi wangu! Wamarekani walinunua jina. Waliokwenda kuiona bendi jukwaani walimkuta Msweden mahali pa mtu aliyekwisha ondoka. Jina limetengana na sauti, na hakuna aliyeona haya.

MTUNZI WA NYIMBO: Ushahidi huo unawakata wote wawili. Wewe mzee, ulisema The Hollies ni sauti tatu. Kibao chao kikubwa kuliko vyote Marekani hakina sauti tatu. Wewe kaka, ulisema aliyebaki ndiye mwenye kazi; kibao hicho kiliandikwa na Clarke pamoja na Roger Cook na Roger Greenaway, na kikafaulu akiwa hayupo. Waliobaki walivuna alichopanda aliyeondoka. Hilo nalo ni deni, nalo hulilipi kwa kupiga nyimbo vizuri tu jukwaani.

MPIGA DRAMU: Walililipa. Mwaka 1973 Clarke alirudi, mlango ukafunguliwa. Mwaka 1974 wakatoa “The Air That I Breathe”, namba 2 Uingereza na namba 6 Marekani. Gitaa la Hicks mwanzoni mwa wimbo ule lina nota chache zinazojinyoosha kama mtu anayeamka, na ukizisikia popote unajua ni nani. Bendi inayoweza kumpokea aliyeondoka, ikatoa kazi kama ile, ni bendi hai.

MTUNZI WA NYIMBO: Ya Albert Hammond na Mike Hazlewood. Nitaendelea kuwataja watunzi mpaka mnichoke. Wimbo huohuo ndio uliofanya wawili hao waandikwe kama watunzi wenza wa “Creep” ya Radiohead, kwa sababu ya kufanana. Kalamu inakwenda mbali kuliko bendi.

MKUSANYA SANTURI: Tuje kwenye jambo gumu zaidi. Mwaka 1983 Nash alirudi. Clarke, Nash, Hicks na Elliott, wanne pamoja, albamu “What Goes Around”. Nitakiri mbele yenu kwamba si albamu ninayoipenda.

MPIGA DRAMU: Kwa nini? Watu wako wote wamo.

MKUSANYA SANTURI: Kwa sababu walichelewa, na kwa sababu wimbo uliopeperusha bendera yake ulikuwa kopi ya The Supremes. Watu wanne waliokuwa na nyimbo ndani yao wakarudi kule walikoanzia mwaka 1963.

MPIGA DRAMU: Basi tumekubaliana kuwa watu pekee hawatoshi. Nakushukuru.

MKUSANYA SANTURI: Watu hawatoshi, lakini bila wao hakuna hata cha kukosea. Nenda mbele kwenye mwaka 2000. Sauti ya Clarke imechoka, amestaafu. Mbele ya kipaza sauti anasimama Carl Wayne wa The Move. Amefariki 2004, akaja Peter Howarth. Katika wale wawili wa Salford hakuna hata mmoja aliyebaki. Mtu amekata tiketi iliyoandikwa The Hollies, amekuja na mwanawe, anamwambia sikiliza, hii ndiyo sauti ya ujana wangu. Je, anamwambia mwanawe kweli?

MPIGA DRAMU: Hakuna aliyefichwa, mzee. Nyuma yake Elliott, pembeni Hicks, watu waliopiga kwenye rekodi zile zile. Mwaka 2010 The Hollies walipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, waliotajwa walikuwa 7: Clarke, Nash, Hicks, Elliott, Haydock, Calvert na Sylvester. Hicks na Elliott hawakuhudhuria. Usiku huo walikuwa na onyesho London. Mimi nikisoma habari ile nasema: hao ndio bendi. Wenzao wanapokea tuzo, wao wako kazini.

MKUSANYA SANTURI: Nami nikiisoma nasema: hakuna jukwaa lingine ambalo Clarke na Nash wangeweza tena kusimama na wenzao hao wawili, na onyesho likashinda. Kazi inayokukosesha ndugu zako siku kama ile imekuwa bwana wako.

MTUNZI WA NYIMBO: Nami naisoma orodha yenyewe. Haydock aliyeondolewa, Calvert aliyemrithi, Sylvester aliyechukua nafasi ya Nash, wote wamo pamoja na Nash mwenyewe. Waliopanga orodha ile walikataa kuchagua kati yenu. Lakini Rickfors hayumo, Wayne hayumo, Howarth hayumo, wala mtunzi yeyote wa nje. Kwa hiyo kuna mstari walioukata, na ninyi wawili mnabishana mstari upite wapi.

MKUSANYA SANTURI: Mimi nitasema unapopita. Clarke alikaa kimya karibu miaka 20, akarudi 2019 na albamu yake. Mwaka 2023 akatoa nyingine, na Nash akaimba naye. Wazee wa miaka 80 hivi, wanaimba juu ya Buddy Holly, mtu ambaye jina lake lilichangia kuwapa jina. Ile sauti ya juu ikakaa juu ya ile kavu ya Clarke, kama zamani. Hizo ndizo The Hollies, hata kama jaladani limeandikwa jina la Clarke.

MPIGA DRAMU: Jiulize kwa nini limeandikwa jina la Clarke. Walikuwa wawili, waasisi, na hakuna duniani ambaye angewashangaa kama wangejiita The Hollies. Hawakujiita. Walijua jina liko kazini kwingine, na wakaliacha kwa wanaolifanyia kazi. Wewe unawapigania kwa nguvu kuliko walivyojipigania wenyewe.

MKUSANYA SANTURI: Mtu anaweza kuacha haki yake kwa ajili ya amani, na bado ikawa ni haki yake.

MPIGA DRAMU: Na mtu anaweza kubeba kitu miaka 60 kikawa chake, hata kama hakukizaa.

MTUNZI WA NYIMBO: Basi mwulizeni yule aliyekata tiketi amwambie nini mwanawe. Mimi ningemtaka amtajie majina yote: aliyeimba, aliyepiga, aliyeondoka, aliyebaki, na aliyeandika. Ni majina mengi, najua. Lakini wimbo mmoja wa dakika 4 uliwahitaji wote, na mtoto aliyetajiwa mmoja tu amenyimwa wengine.